Mpira Uguse Chini Kwanza

Juzi, uwanjani Kitale, nilikutana tena na mtu ambaye kwa karibu mwaka mzima niliishi naye boma moja bila kumtazama usoni. Nilimjua kwa kikohozi chake kabla sijageuka. Wenzangu wa timu ya walimu wastaafu walikuwa wanafunga viatu na kubishana nani acheze wapi, nami nilikuwa nimesimama chini ya pete na goti langu la chuma, nikamsikia akisafisha koo nyuma yangu, na mwaka wote ule ukanirudia. Nimekuwa nikiahirisha kuuandika. Si kwamba una aibu. Ulikuwa mwaka wa upweke, na upweke ni mgumu kusimulia kwa sababu siku zake zote zinafanana. Lakini nikikumbuka maisha yangu ya mtu mzima, naona kwamba mwaka huo ulinifunza zaidi ya miaka yote niliyoshika chaki, kwa hiyo acha nijaribu.

Goti la kulia liliharibika polepole, kama paa linalovuja. Nilikuwa mfungaji wa mpira wa pete tangu usichana wangu; nilikuwa mrefu na mbishi, na kazi ya kufunga haitaki zaidi ya hayo. Hata baada ya kustaafu tulikuwa na timu yetu ya akina mama, na rafiki yangu Mama Njoki, ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri na mbegu zao za viazi, alicheza katikati akipiga kelele kuliko refa. Kisha nikaanza kuchechemea, nikaanza kukaa kwenye benchi, nikaanza kushika mikoba ya wenzangu wakicheza. Kushika mikoba ndiko kulikonipeleka kwa daktari. Aliangalia picha akasema gegedu limekwisha, mfupa unasaga mfupa, dawa ni kuweka goti jipya. Akaniuliza, “Mama, unataka goti la kufanyia nini?” Nikamwambia la kuchezea. Alicheka, halafu akaona mimi sicheki. Akasema kutembea sawa, baiskeli sawa, kuogelea sawa, kuruka nisahau. “Na kusimama chini ya pete nikirusha mpira?” Akafikiri. “Hiyo itategemea wewe. Hii miezi ya kwanza ukilikunja vizuri, tutaona. Usipolikunja litaganda, na likiganda hata choo kitakushinda, wacha mpira.”

Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yangu: kukunja goti au kushika mikoba mpaka kufa. Shida ilikuwa mahali pa kukaa. Mume wangu alikuwa ametangulia, na nyumba yangu iko peke yake kwenye barabara ya Saboti. Binti yangu Nekesa, muuguzi, alikuwa ameolewa Bungoma na mwalimu wa michezo wa shule ya upili, akasema nitakaa kwake na hataki kusikia neno lingine. Mimi nilisita, na Mama Njoki akanishangaa. “Kwani huyo kijana atakukula?” Nikamweleza vile mimi nilivyolelewa. Kwetu mama mkwe na mkwe hawashikani mikono. Hawali meza moja. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Mkwe akitaka kukupa kitu, hakupi mkononi. Anakiweka chini, anarudi nyuma, nawe unakiokota. Jina lake sikuwahi kulitamka, na ndiyo maana hata hapa hutalisikia. Si chuki, ni heshima. Ni njia ya kuambiana kila siku kwamba wewe si mtu hivi hivi kwangu. Mwiko huo unaweza kufunguliwa siku moja, kwa wazee na zawadi, na mkapeana mikono. Lakini siku hiyo kwetu husubiri wajukuu, na Nekesa na mumewe walikuwa hawajajaliwa mtoto. “Aki nyinyi mna kazi,” alisema Mama Njoki, akanifungia mizigo.

Chumba walichonitengenezea nilipotoka kwenye upasuaji kilikuwa nyuma ya nyumba, ng'ambo ya ua wa saiprasi uliopita kimo cha mtu. Kabla yangu kilikuwa stoo. Walikipaka chokaa, wakaweka kitanda, meza, na kiti cha plastiki chenye mikono, lakini harufu ya mahindi na ile dawa ya fukusi haikukubali kuhama. Mvua ya Bungoma ikipiga mabati hata redio huisikii. Asubuhi Nekesa aliniletea chai na nduma, akanipangusa mguu, akaniachia chakula cha mchana ndani ya hotipoti, akakimbilia zamu yake. Nilikifungua saa saba: ugali uliokwisha kutoa jasho, mrenda, siku nzuri kipande cha kuku. Sijui kama umewahi kula ugali wa mtu mmoja. Hauna ladha, kwa sababu hakuna mkono mwingine unaoufuata wako kwenye sahani. Nyumba yenyewe sikuwahi kuingia; mpaka leo sijui viti vya sebuleni kwa mwanangu ni vya rangi gani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wanasema. Mimi hata jembe lenyewe nisingeweza kuliinamia.

Mkwe wangu nilimjua kwa masikio. Nilijua malapa yake, nilijua filimbi yake ikigonga vifungo vya shati, na juu ya yote nilijua kikohozi. Bomba la maji lilikuwa upande wangu, kwa hiyo kila alipotaka kuchota alikohoa kwanza, mimi nikajikokota na fremu yangu ya kutembelea kuingia ndani, nikafunga mlango, nikakohoa kumjibu kwamba njia ni nyeupe. Mama Njoki alipokuja kunitazama aliuliza kama boma zima lina homa. Jioni nilisikia pia yale ambayo hayakuwa yangu. Siku moja Nekesa alisema, “Huu ua umekuwa msitu. Si uukate?” Mkwe akajibu, “Wacha tu. Mpaka mama aende.” Nekesa akasema, “Ati mpaka mama aende. Na wewe kila kitu ni mpaka.” Halafu wakanyamaza. Nilikuwa nimekaa ndoa ndefu mimi, na najua kimya cha watu walioshiba na kimya cha watu waliovimba. Nilifungua redio ili nisiendelee kukisikiliza.

Wakati huo goti lilikuwa linanishinda. Zoezi lilikuwa kulala chali, kuzungusha taulo kwenye unyayo na kuvuta mpaka goti likunjike, na uchungu wake sitajaribu kuueleza. Aliyezaa atakuwa karibu. Nilivuta mara mbili nikaacha. Kule kliniki msichana wa mazoezi alipima, akatikisa kichwa. “Mama, na nyumbani unafanya kweli?” “Nafanya.” “Hapana, hii haijasonga. Ikikaa hivi daktari atataka akulaze tena, akukunje kwa nguvu ukiwa umelala.” Nilirudi nimenyong'onyea. Shule zilikuwa zimefungwa, lakini nilidhani mkwe ametoka, kwa hiyo alasiri ile nilikaa mlangoni, nikaweka taulo, nikavuta, na nikalia. Sikulia kama mwalimu mstaafu. Nililia kwa sauti, nikamwita marehemu mume wangu, nikamwuliza ameniachia nani. Ndipo nikasikia kikohozi ng'ambo ya ua.

“Mama.”

Nilikuwa natafuta leso.

“Mkwe.”

“Pole sana. Unavuta ukiwa umenyoosha mguu?”

“Ndivyo nilivyoambiwa.”

“Kaa kwa kiti kwanza. Sasa ingiza kisigino nyuma, chini ya kiti. Pole pole. Ukifika pale inauma, simama hapo, pumua. Usirudi. Pumua tu.”

“Na wewe ni nani alikuambia habari ya magoti?”

“Mimi nilikatika kano ya goti nikiwa chuo, Mama. Nililia kukushinda.”

Nilifanya alivyosema. Alinihesabia kutoka kule, mgongo akiwa amenipa, maana sauti ilikuwa inaelekea upande wa nyumba. Alipomaliza alikohoa, akaenda zake. Sikumwambia Nekesa. Sikuwa na la kuficha, lakini tangu nije Bungoma lilikuwa jambo la kwanza lililokuwa langu.

Kesho yake mpira uliruka juu ya saiprasi. Mpira wa pete, mkuukuu, rangi imekwisha, ukadunda mbele ya mlango wangu na kuja kusimama miguuni. “Mama, nirudishie,” akasema. Nilidhani jua limemwingia. Lakini mikono ina kumbukumbu zake, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeurusha nikiwa nimekaa, ukapita juu safi. Ukarudi. Nikainua mikono kuudaka, halafu nikaishusha kama niliyeguswa na moto, ukanipita, ukapiga ukuta.

“Mkwe! Hii si itakuwa kama unanipa kitu mkononi?”

Nilimsikia akifikiri, unaweza kumsikia mtu akifikiri ukikaa naye muda mrefu bila macho.

“Basi iguse chini kwanza,” alisema mwisho. “Ikigusa chini, si mkono wangu tena. Si ndio sheria? Mimi naweka chini, wewe unaokota.”

“Nani amepitisha hiyo?”

“Si wazee wetu?”

Nilicheka mpaka nikashika goti. Ndani ya chumba kile kicheko kilikuwa kitu kigeni, kilirudi kutoka kwenye mabati. Na hivyo ndivyo tulivyocheza, kila alasiri ambayo kazi yake ilimruhusu. Yeye anarusha, mpira unadunda, unatulia, mimi nauokota. Na kuokota, msomaji, ni kuinama, na kuinama ni kukunja goti. Mwanzoni nilikuwa nauvuta kwa gongo. “Mama, wacha gongo,” angesema. “Kwani unaniona?” “Nasikia chuma kwa simiti.” Nikaacha gongo. Nilishika kiti kwa mkono mmoja, nikashuka kidogo kidogo nikimtukana yeye, mpira, na aliyevumbua magoti, nikauokota. Sijui mpaka leo kama alikuwa amelifikiria hilo toka mwanzo au mila yenyewe ndiyo iliyotuongoza. Ninachojua ni kwamba kliniki yule msichana alipima, akapima tena. “Ehe! Sasa hii ndio naita kukunja. Umefanya nini?” Nikamwambia nimekuwa nikiokota vitu. Siku moja nilirudi kutoka huko nikakuta mlingoti umesimikwa upande wangu, na pete ya nondo imefungwa juu yake. Udongo chini yake ulikuwa bado mbichi. Nilikohoa, nikasikia kikohozi, na mambo yakaishia hapo.

Nimejiuliza mara nyingi kama ule ulikuwa urafiki. Sikujua anapenda chakula gani wala anacheka vipi na wenzake. Lakini nilijua siku aliyochoka kwa namna mpira ulivyokuja, na nadhani yeye alijua siku nilizolia kwa namna nilivyouchelewesha. Alasiri moja, mvua ndefu zikiwa zimekwisha, nilikuwa nimesimama bila gongo wala kiti. Mpira ulikuja juu na kwa kasi, mikono ya mfungaji ikapanda yenyewe, na nikaudaka kifuani. Haukugusa chini. Ulikuwa na joto la mikono yake. Nilisimama pale kama mtoto aliyevunja chungu, na ng'ambo ya ua hapakuwa na sauti, kwa sababu hata yeye alikuwa anangoja mdundo ambao haukuja.

Halafu akakohoa. “Iligusa chini hiyo, Mama,” akasema. “Mimi nimesikia.”

“Iligusa,” nikasema.

Hatukuucheza tena siku ile.

Wiki chache baadaye aliniuliza, mgongo ukiwa kule kule, “Mama, Nekesa amekuambia maneno ya Uingereza?” Nikasema hapana. “Basi hata mimi sijasema.” Nekesa aliniambia mwenyewe Jumapili iliyofuata, amekaa kitandani pangu, anakunja na kukunjua nguo zangu zilizokwisha kukunjwa. Alikuwa amepata kazi ya uuguzi huko. “Si ni kitu kizuri, Mama? Si utafurahi?” Nikamwuliza, na mume? “Atakuja. Ama nitarudi. Tutaona.” Nilimtazama usoni na nikamsikia akisema mpaka, mpaka, mpaka, kama alivyomlaumu mwenzake. Sikumkemea. Ningekuwa na umri wake, na milango imefunguka, pengine ningeondoka pia. Lakini Nekesa akiondoka mimi nisingeweza kubaki hata siku moja. Mama mkwe na mkwe peke yao bomani, hiyo haijasikika. Goti lilikuwa limepona. Gari likaja kunichukua. Nilikohoa nikipita kando ya ua, akakohoa, na hiyo ndiyo kwaheri yetu. Tulipofika langoni nikasikia panga. Alikuwa ameanza kukata saiprasi.

Kitale nilirudi kwa nyumba yangu na kimya chake. Watu walikuja kuniambia pole na hongera kwa pamoja, wakanywa chai, wakaenda. Nilifanya mazoezi kwenye ukuta wa ghala. Nilirusha mpira, ukuta ukanirudishia, nami nikauacha udunde kwanza ndipo niokote. Mama Njoki akaniona. “Si udake tu? Ama goti imeingia mikono?” Sikuweza kumweleza kwamba ukuta haukohoi. Tulipocheza mechi yetu ya kwanza nilisimama chini ya pete, sikuruka, sikukimbia, na nilifunga. Wenzangu walinikumbatia, Mama Njoki akapiga vigelegele vya Kikuyu katikati ya uwanja, na mimi katikati ya mikono yao yote nilikuwa namtafuta mtu mmoja wa kumwambia. Namba yake ya simu sikuwa nayo. Mama mkwe hapigi simu. Kwa hiyo jioni nilimpigia Nekesa huko aliko, nikamwambia, “Mwambie mumeo nimefunga.”

Alikaa kimya, na hakikuwa kimya cha kushiba.

“Mama,” alisema, “hatuongei tena na yeye. Wazee walikaa, wakamaliza. Nilikuwa naogopa kukuambia.”

“Mmemaliza vipi?”

“Tumeachana. Hakuna mtoto, hakuna kitu ya kugawa. Saa hii ni mtu tu, Mama. Hata mkikutana hapo tauni unaweza kumsalimia kwa mkono. Hakuna makosa.”

Alisema hivyo kunifariji, mwanangu. Alidhani mwiko ulikuwa mzigo na sasa ameniondolea. Niliweka simu mezani nikaketi. Nilipompoteza mume wangu watu walikuja na viti na maturubai, wakaimba, wakanipikia. Kwa hasara hii hakuna aliyekuja, maana haina jina. Utamwambia nani kwamba umefiwa na mtu aliye hai, ambaye hukuwahi kumwona uso?

Juzi nilimwona. Kumbe sasa anafundisha upande wa Kapsokwony, na alikuwa ameletwa kutuchezeshea mechi. Nilipogeuka kwa kile kikohozi nikaona mtu wa makamo mwenye masikio makubwa na macho ya upole, mdogo kuliko sauti yake. Alikuwa na filimbi shingoni na mpira mkononi. Hakuingia kichakani, hapakuwa na kichaka. Hakugeuza uso.

“Habari ya goti, Ma—” akajikata. “Mwalimu.”

“Linakunjika,” nikasema.

Alitabasamu, akanyoosha mkono na mpira juu yake, ili nianze kujizoesha kufunga. Alikuwa na haki. Yeye ni mtu tu, mimi ni mwalimu mstaafu, na hakuna mzee Bungoma nzima ambaye angetulaumu. Niliutazama mkono ule. Ningeupokea mpira, ingekuwa mara yetu ya kwanza kupeana kitu mkononi, na ingekuwa ndiyo mwisho. Tungekuwa watu wawili uwanjani. Nikarudisha mikono yangu nyuma.

“Uguse chini kwanza,” nikamwambia.

Hakuelewa, halafu akaelewa. Nilimwona akielewa, maana sasa nilikuwa na macho ya kumwona. Aliuweka mpira kwenye nyasi, akarudi nyuma, akanipa mgongo. Nami nikashuka polepole, goti likakunjika lote, nikauokota.

“We refa!” Mama Njoki alipaza sauti kutoka katikati. “Huna adabu? Si umpatie huyo mama kwa mkono? Huoni ako na goti ya chuma?”

“Mwache, Mama Njoki,” nikasema. “Huyu ni mkwe wangu.”